Uzi: ERG ya mtoto inatoa wimbi dogo kwenye mwanga hafifu na kubwa mno kwenye mwanga mkali. Ni mashine au ni ugonjwa?

#1 Nuru_Ujiji

Wakuu, salaam. Naleta hili kwa walio kwenye macho na kwa mafundi wa vifaa tiba.

Mtoto wa miaka 11, Kigoma vijijini. Macho yote mawili anasoma 6/36, na miwani ya -4.00 haimvushi hapo. Juani anafumba macho, rangi anazichanganya, na giza likianza kuingia anatembea kwa kupapasa. Ukimtazama kwa ofthalmoskopu retina ni kama ya kawaida, ila katikati kwenye makula rangi imevurugika kidogo. Faili linasema "jicho zembe, macho yote mawili".

Karatasi ya ERG (kipimo cha umeme wa retina jicho linapopigwa mimweko ya mwanga), iliyopimwa kwa elektrodi za ngozi:

DA 0.01: wimbi b dogo, limechelewa sana.
DA 3 na DA 10: wimbi b limepita kiwango cha juu cha rejea.
LA 3 na LA 30 Hz: madogo, yamechelewa.
Hitimisho: "Majibu yanapingana. Hitilafu ya kifaa? Rudia."

Kwa wasioijua lugha hii: DA ni jicho lililozoeshwa giza, LA ni lililozoeshwa mwanga. Namba ni nguvu ya mmweko kwa kandela-sekunde kwa mita mraba, isipokuwa 30 Hz, ambayo ni mimweko 30 kwa sekunde. Wimbi a ni mshuko wa kwanza wa mchoro, wimbi b ni mpando unaofuata. Rodi ndizo seli za gizani, koni ni za mchana na za rangi.

Maswali ni mawili. Kuna ugonjwa unaotoa picha hii? Na kama ni kurudia, irudiwe vipi ili tusilete karatasi nyingine yenye alama ya kuuliza? Kutoka huku kwenda kupima si safari ya kubahatisha.

#2 Mawimbi_ab

Mkuu, hiyo karatasi itunze. Aliyeandika kwamba majibu yanapingana amesoma kila mstari peke yake. Ukiisoma yote kwa pamoja ni jina la ugonjwa.

Unaitwa retinopathi ya KCNV2. Gouras na wenzake waliueleza mwaka 1983 kama ugonjwa wa koni wenye majibu ya rodi yaliyozidi kawaida, na jini lenyewe likapatikana mwaka 2006. Ni wa kurithi kwa njia fiche: baba na mama kila mmoja ana nakala moja mbovu na wote wanaona vizuri, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. KCNV2 inatengeneza protini ya Kv8.2, kipande cha mlango wa potasiamu kwenye seli zinazopokea mwanga. Kipande hiki hakiundi mlango peke yake, kinaungana na Kv2.1. Kikikosekana, seli bado inauona mwanga lakini umeme wake haupandi wala hautulii kwa mwendo wa kawaida.

Ndiyo maana DA 0.01 na DA 10 zinaonekana kugombana. Kwenye jicho lenye afya, wimbi b linakua taratibu kadiri unavyoongeza mwanga. Kwenye KCNV2 mkunjo umesogea: mwanga hafifu unaotosha wengine hapa hautoshi, wimbi linabaki dogo na linachelewa. Ukivuka kizingiti linaruka ghafla. Kwa hiyo kinachotafutwa si ukubwa wa wimbi moja, ni *mwinuko* wa ngazi nzima. Wapo wagonjwa ambao DA 10 yao haipiti kiwango cha juu kabisa, inaishia ndani ya kawaida, lakini mruko kutoka 0.01 ni ule ule. Ukisubiri neno "imezidi" utawakosa hao.

Kitu cha pili, angalia umbo la wimbi a kwenye DA 10. Kwa kawaida linashuka kwa ncha kali kisha b inapanda mara moja. Kwa hawa kitako cha wimbi a ni kipana, bapa, kama limekaa chini kidogo kabla ya kupanda. Kama karatasi ina michoro na si namba tu, piga picha uiweke hapa, ila funika jina na namba ya faili.

Magonjwa mengine yanayofanana kwa dalili hayatoi picha hii. Akromatopsia (kutoona rangi tangu kuzaliwa, mwanga unaumiza, macho yanacheza) inaua LA karibu yote lakini DA inabaki nzuri. Retinaitisi pigmentosa inaanza kushusha DA, na DA 10 inashuka pamoja na DA 0.01. Upofu wa usiku wa kuzaliwa usiosogea, ule wa aina kamili, unafuta DA 0.01, na kwenye DA 10 wimbi a linabaki zuri huku b ikiwa ndogo kuliko a. Stargardt mwanzoni inaweza kuwa na ERG ya retina nzima iliyo sawa kabisa, kwa sababu kilichoharibika ni makula tu na kipimo hiki kinakusanya retina yote.

Jicho zembe halipunguzi LA 30 Hz. Hilo lifutwe kwenye faili.

#3 Kasulu_Boy

Nimekaa pembeni na kahawa, endeleeni. Sijaelewa nusu, ila nimeelewa kwamba mashine imesingiziwa.

#4 FundiVifaaTBR

Mawimbi_ab uko sawa, lakini mashine nayo isamehewe baada ya kukaguliwa, si kabla. Kuna makosa mawili ya kiufundi yanayoweza kutengeneza DA 10 "kubwa" ya uongo, na yote ni ya kawaida kwenye elektrodi za ngozi.

La kwanza ni misuli. Mmweko mkali unamfanya mtu akunje uso na kope zitetemeke. Umeme wa misuli hiyo unaingia kwenye elektrodi ya chini ya kope na kukaa juu ya wimbi b. Dalili yake: ukipanga mapigo moja moja hayafanani, moja ni kubwa, jingine dogo, jingine lina meno. Wimbi halisi la retina linajirudia. Kwa hiyo omba mapigo mabichi, usikubali wastani peke yake. Mapigo mawili yanayolaliana ni ushahidi kuliko wastani wa kumi usiojua una nini ndani.

La pili ni ukinzani wa elektrodi. Kiwango ni kiloomu 5 au chini, na elektrodi mbili za jicho moja zikaribiane. Ngozi yenye mafuta au losheni haifiki hapo bila kusuguliwa. Futa kwa spiriti, sugua kwa jeli ya chengachenga mpaka ngozi ing'ae kidogo (si mpaka iume), futa tena, ndipo ubandike. Elektrodi hai inakaa chini ya kope la chini, karibu na ukingo lakini isiguse kope. Ya rejea kwenye mfupa wa pembeni ya jicho. Ya ardhi kwenye paji. Ukiona jicho moja kubwa kuliko jingine, angalia kwanza kama zimebandikwa kwa umbali sawa. Elektrodi ikishuka milimita chache kuelekea shavuni, wimbi linapungua.

Na msisahau: elektrodi ya ngozi inatoa robo ya wimbi la elektrodi ya lenzi ya konea (inayokaa juu ya jicho lenyewe), mara nyingi hata chini ya hapo. Ukilinganisha na jedwali la rejea la uzi wa DTL (elektrodi ya uzi mwembamba unaogusa jicho) au la lenzi, kila mtu atakuwa mgonjwa. Rejea iwe ya elektrodi ile ile, ya umri ule ule, na ikiwezekana ya chumba kile kile.

#5 Nuru_Ujiji

Fundi, je chujio la Hz 50, la kuondoa mvumo wa umeme wa ukutani? Kwenye mipangilio naona limewashwa, na kikomo cha chini kimewekwa Hz 10 "ili mstari utulie".

#6 FundiVifaaTBR

Hapo ndipo karatasi inapoharibika, mkuu. Vizimwe vyote viwili.

Upana wa masafa kwa mujibu wa kiwango ni Hz 0.3 hadi Hz 300. Ukipandisha kikomo cha chini mpaka Hz 10 mstari utatulia kweli, kwa sababu umekata mwendo wote wa polepole, na kitako bapa cha wimbi a alichokisema Mawimbi_ab ni mwendo wa polepole. Utapata a yenye ncha nzuri na utaikosa alama uliyoitafuta. Chujio la Hz 50 nalo linaacha viwimbi vya uongo nyuma ya kila mpando mkali.

Mvumo wa Hz 50 unaondolewa kwenye chanzo. Chomoa chaja ya laputopu, tumia betri. Kitanda cha umeme kichomolewe ukutani, kuzima swichi hakutoshi. Waya za elektrodi zisukwe pamoja kama msuko wa nywele, zisitandazwe, kwa sababu kitanzi kilicho wazi ndicho kinachokamata mvumo. Pima soketi ya ardhi kwa multimita: volti kati ya nyutro na ardhi ikizidi mbili tatu, mwite fundi umeme kabla ya kumwita mgonjwa. Inveta ya bei rahisi inayotoa umeme wa mraba ni mbaya kuliko TANESCO, maana inajaza kelele za masafa mengi.

Halafu kuna mtego mdogo. Ukipiga LA 3 mara mbili kwa sekunde, kila mmweko unakuja baada ya milisekunde 500, ambazo ni mizunguko 25 kamili ya Hz 50. Mvumo unaingia kwenye kila pigo kwa mkao ule ule, na wastani wa mapigo 40 unaukuza badala ya kuufuta. Weka milisekunde 510. Ni mizunguko 25 na nusu, pigo moja linaupindua la jirani yake, mvumo unafutana wenyewe.

#7 SisterMacho

Asanteni madaktari na mafundi. Mimi niulize la chini kabisa. Mtoto haoni usiku, huku kwetu cha kwanza tunafikiria vitamini A. Mama anasema nyumbani wanakula mawese kila siku. Tumpe au tumwache?

#8 Mawimbi_ab

Dada, si la chini hata kidogo, na jibu ni mpe. Upungufu wa vitamini A unatibika, KCNV2 kwa sasa haina dawa, kwa hiyo kinachotibika kinaondolewa kwanza. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja mwenye dalili za macho anapewa yuniti 200,000 leo, 200,000 kesho, na 200,000 baada ya wiki mbili. Wa miezi 6 hadi 11 nusu ya hapo kila mara, wa chini ya miezi 6 yuniti 50,000. Angalia pia weupe wa jicho pembeni: vidoa vya povu kavu vya Bitot, na jicho kutong'aa.

Mawese mekundu yana karotini nyingi kweli, na Kigoma hamna shida nayo. Ila kuna wanaoyachoma kwenye sufuria mpaka yapoteze wekundu ndipo wakaange. Yakishapauka, karotini imekwenda. Muulize mama yanapikwaje, si kama yapo tu. Na kama yanaliwa mekundu na bado mtoto ana upungufu, fikiria kuharisha kwa muda mrefu au mafuta kutofyonzwa tumboni.

Kwenye ERG upungufu wa vitamini A unashusha rodi zote: DA 0.01 inashuka *na* DA 10 inashuka, koni zinafuata baadaye. Haupandishi DA 10. Na baada ya dozi, rodi zinarudi ndani ya siku hadi wiki. Mtoto wa mwanzisha uzi, kama mapigo yake ni ya kweli, hayupo huko. Lakini dozi haimdhuru, na inaondoa swali.

Ulizeni pia kama aliwahi kupewa kwinini kwa wingi. Sumu ya kwinini inaweza kuacha ERG yenye b ndogo kuliko a, ambayo ni kinyume cha hii, lakini ikikaa juu ya ugonjwa mwingine itawachanganya.

#9 Nuru_Ujiji

Mpaka hapa nimeelewa. Sasa naomba utaratibu wa kurudia, hatua kwa hatua, kwa chumba cha kawaida chenye dirisha na paa la bati.

#10 Mawimbi_ab

Siku hiyo mtoto asipigwe picha ya retina wala kumulikwa kwa taa kali kabla ya kipimo. Ikishatokea, akae kwenye mwanga wa kawaida wa chumba nusu saa kwanza.

Mboni: tropikamaidi 1% tone moja, fenilefrini 2.5% tone moja, rudia baada ya dakika 5 hadi 10. Macho yetu meusi yanapanuka polepole kuliko yale ya vitabuni, msiharakishe. Dakika 30 ni kawaida. Pimeni kwa rula milimita ngapi, andikeni, na mpime tena mwisho. Mboni iliyonywea katikati ya kipimo inashusha kila kitu bila kukuambia.

Giza: dakika 20, giza la kweli. Chumba cha bati kina matundu ya misumari ambayo hamjawahi kuyaona. Mtu mzima aingie, mlango ufungwe, akae dakika 10 kabla ya siku ya mgonjwa. Kila nukta ya mwanga atakayoiona izibwe. Dirishani nailoni nyeusi ya ujenzi tabaka mbili, chini ya mlango kanga iliyokunjwa. Zaidi ya dirisha, wabaya ni taa ndogo za kijani na buluu za UPS, ekstensheni na feni. Zibandikwe selotepu nyeusi ya fundi umeme. Simu zibaki nje, ya mama pia.

Elektrodi zibandikwe kwa taa nyekundu hafifu. Mkitumia lenzi ya konea, ongezeni dakika 5 za giza baada ya kuiweka, na matone ya ganzi yawe tayari. Kwa mtoto wa miaka 11 ngozi au uzi wa DTL vinatosha, hakuna haja ya usingizi wa dawa, na dawa zenyewe zinaweza kubadilisha mawimbi.

Kisha kutoka hafifu kwenda kali, hakuna kurudi nyuma. Kiwango kinadai DA 0.01 kwa nafasi ya angalau sekunde 2 kati ya mimweko, DA 3 kwa sekunde 10, DA 10 kwa sekunde 20. Kwa huyu ongezeni ngazi. Anzeni 0.003, kisha 0.01, 0.03, 0.1, 0.3, 1, 3, 10, kila hatua ni nusu ya kipimo cha logi. Hapo ndipo mruko utaonekana wazi na hakuna atakayesema mashine. Mapigo manne hadi kumi kwa kila ngazi ya chini, mawili matatu safi yanatosha kwenye zile kali. Mtu akisogea au kupepesa, pigo litupwe na nafasi ihesabiwe upya. Msijipunje sekunde 20 za DA 10: mkipiga baada ya 5, rodi hazijapona na wimbi la pili litakuwa dogo kuliko la kwanza, halafu mtaanza tena hadithi ya kupingana.

Baada ya hapo mwanga wa nyuma wa kandela 30 kwa mita mraba uwashwe dakika 10, kisha LA 3, kisha 30 Hz. Sekunde chache za mwanzo za 30 Hz zitupwe. Mtoto anayeogopa mwanga atalia hapa, kwa hiyo DA ziwe zimeshahifadhiwa.

Namba za kuandika: muda wa kila kilele kwa milisekunde, ukubwa wa a kutoka mstari wa mwanzo, ukubwa wa b kutoka *kitako cha a*, na uwiano wa b kwa a. Uwiano na muda havitegemei sana elektrodi. Ukubwa unategemea.

#11 Lab_Kitongoji

Kuna kifaa kidogo cha mkononi, RETeval, kinashikwa kama mashine ya kunyolea, kina betri na hakihitaji kupanua mboni. Si ndiyo suluhisho la mikoani? Mbona mnawapa watu kazi za nailoni na kanga?

#12 Mawimbi_ab

Ni kizuri, na kwa Kigoma au Tabora ndicho ningekinunua. Ila giza ni giza. Hakuna kifaa kinachozoesha retina kwa niaba yako, dakika 20 zipo pale pale.

Kuhusu mboni: kinapima kipenyo chake na kurekebisha mmweko, kwa yuniti za trolandi, yaani mwanga mara eneo la mboni. Mboni ya milimita 6 ina eneo la milimita mraba 28.3, kwa hiyo DA 3 inakuwa 3 mara 28.3, karibu trolandi-sekunde 85. Ukiona "85" kwenye karatasi usidhani ni mmweko mwingine. Ila mtoto huyu anafumba macho. Kope likifunika nusu ya mboni, hesabu inakuwa safi na mwanga haujaingia. Mpanueni tu.

Na chagueni itifaki yenye ngazi za gizani. Ile ya haraka ya kupepesa Hz 28.3 inapima koni peke yake. Itawaambia koni zimechelewa, basi. KCNV2, akromatopsia na magonjwa mengine ya koni yote yatapita mlango huo huo.

#13 FundiVifaaTBR

Naongeza kwa Lab_Kitongoji: ukanda wa elektrodi wa kifaa hicho una jeli. Ukikaa kwenye stoo ya bati yenye joto jeli inakauka na ukinzani unapanda, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Hifadhi mahali pa baridi, na fungua paketi wakati mgonjwa ameshakaa.

#14 Nuru_Ujiji

Swali la mwisho wakuu. Tukithibitisha, nini kinafuata? Mama ana wengine wawili wadogo.

#15 Mawimbi_ab

Damu mililita 2 hadi 5 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, ya mtoto na ya wazazi wote wawili. Isigandishwe, iwekwe kwenye friji ya kawaida. Kwenye fomu ya maabara ya jeni andikeni KCNV2 na muambatanishe mchoro wa ERG, wasiitafute gizani. Wazazi wanahitajika ili ijulikane kama nakala mbili mbovu zimetoka pande mbili.

Wadogo zake: mpimeni uoni na rangi sasa, na ERG ya yeyote anayekwepa jua. Asiyekuwa na dalili asisumbuliwe na elektrodi.

Kwa mtoto mwenyewe, ugonjwa huu kwa kawaida unasogea polepole, na rodi zinabaki zikifanya kazi, kwa hiyo mama asiambiwe kwamba mwanawe anapofuka. Miwani sahihi ya -4.00 avae hata kama ubao hausomeki nayo. Miwani ya giza au ya rangi ya kahawia nje, kofia yenye ukingo mpana. Darasani dawati la mbele lakini *mgongo kwa dirisha*. Walimu wengi wanawaweka dirishani wakidhani mwanga unasaidia, na hapo ndipo koni zake zinazimika kabisa. Maandishi makubwa, pointi 18 kwenda juu, na lenzi ya kukuzia ya mkononi. Barua ya kuomba muda wa ziada wa mtihani iandikwe mapema na daktari wa macho, iambatanishwe na ERG mpya, si ile yenye alama ya kuuliza.

#16 SisterMacho

Mgongo kwa dirisha nimelichukua. Nuru_Ujiji, mkipata mchoro wa ngazi nane uulete hapa, wa macho yote mawili, na mapigo mabichi kama fundi alivyosema.